Nilivyoijua Kazi ya Posta Upande wa Nyuma

Wengi hapa Mombasa wanaijua posta kwa mbele tu: vile vilango vidogo vya chuma vyenye namba. Mimi kazi yangu ilikuwa nyuma yake. Huko masanduku hayana milango, ni matundu yaliyopangana kuanzia magotini hadi juu ya kichwa, na barua tunatilia humo. Mara nyingi unatia na mwenyewe anafungua kwa upande wake, nawe unaona mkono tu. Mkono wa hina, mkono wenye pete ya fedha, mkono wa mzee ukipapasa ndani kuhakikisha hakikubaki kitu. Kuna wateja niliowajua kwa mikono miaka mingi kabla sijawajua kwa sura.

Kilichonipa taabu kujifunza ni kuchambua barua. Kwetu barua haiendi nyumbani kwa mtu, inakwenda kwenye sanduku, kwa hiyo namba ndiyo njia yenyewe. Postikodi, yaani namba ya posta yenyewe, kwa posta kuu ya Barabara ya Digo ni 80100, Likoni ni 80110. Tarakimu moja tu, na barua ya mtu wa Kibokoni ishavuka feri. Wengine kwa mazoea huandika 00100, ambayo ni ya Nairobi. Aliyenifundisha alikuwa mzee aliyeingia kazini enzi za posta na simu, kabla hazijatenganishwa mwaka 1999. Aliniambia, "Mwanangu, soma anwani yote mpaka chini. Mtu hukosea namba, mji wake hakosei." Nikazoea kuanzia chini kwenda juu: nchi, mji, postikodi, sanduku, jina. Jina ndilo gumu, maana sanduku moja la shule au la msikiti hupokea barua za watu chungu nzima, na Mombasa akina Mohamed Said hawahesabiki.

Barua ninazozikumbuka zaidi zilitoka Maskati. Zilikuwa na jina la mwanamke, lakini sanduku lilikuwa limeshapewa mtu mwingine, naye kila akizikuta alizirudisha kaunta na kuandika juu yake "si zangu". Utaratibu ni kuzirejesha kwa aliyezituma. Mimi nilimwona huyu ndugu wa Maskati anaandika tena na tena bila kujibiwa, na roho haikukubali. Nikamwomba mkuu wangu tuzishikilie kwanza. Akakubali. Tukafungua rejista ya zamani ya masanduku, tukapata jina la mwanamume na namba ya simu. Tukapiga, akapokea kijana wake: baba alifariki, ada ya mwaka haikulipwa, sanduku likaenda.

Bi mkubwa mwenye barua akaja mwenyewe na kitambulisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ziko ngapi?"

Tatu. Hakuzifungua. Aliziweka juu ya kaunta akaniambia, "Nisomee mihuri, ipi ya mwanzo." Nikamsomea tarehe, moja imefifia hata nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akazipanga kwa mfuatano wake, akazitia kwenye mkoba ndani ya buibui. Zilikuwa za dada yake. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu mambo ya barua za watu hubaki posta.

Kijana wake nilimshauri achukue sanduku la simu, ambalo namba yako ya simu ndiyo anwani, na barua ikifika unapata ujumbe. Kwa familia isiyotaka kulilia ufunguo wa marehemu, naona ndiyo njia bora.

Siku hizi vifurushi vimezidi barua. Namba ya kukifuatilia kifurushi ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, kama KE kwa Kenya. Tarakimu ya tisa hupatikana kwa kukokotoa zile nane za kwanza, ndiyo maana ukinakili vibaya kompyuta inaikataa. Usidhani mzigo umepotea, rudia kuisoma kwenye risiti.

Na ukimtumia mtu wa Mombasa kitu, andika jina lake kamili, sanduku, kistari, postikodi, mji, halafu Kenya. Kama sanduku ni la shule au la kazini, taja na shule au kazi yenyewe. Namba ya simu iandike pia, kwa kalamu isiyofutika kwa maji.