Siku moja mezani kwangu: PS2 ya lensi mbovu inageuka gemu la mkononi

Saa 1:00 asubuhi. Nimefungua kibanda changu hapa Tandika, nimefagia, nimemwagia maji vumbi la mlangoni. Kijana ameshafika, begi la shule amelikumbatia kifuani. "Shikamoo fundi." Marahaba. Ndani ya begi mna PS2, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, ile nyembamba, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2004. Kainunua kwa mwenye banda la gemu aliyechoka nayo, kwa vile haisomi tena diski. Anataka aigeuze iwe gemu la kushika mkononi, lenye kioo na betri yake. Hakuniomba nimtengenezee, aliomba nimfundishe, ndiyo maana nimempa Jumamosi yangu nzima.

Amenunua vizuri. PS2 iliyokufa lensi watu huiuza kwa bei ya kutupa, na sisi lensi hatuihitaji. Gemu zitakaa kwenye flashi. Kuna programu iitwayo Free McBoot, unaiweka kwenye memori kadi, mashine ikiwaka inaanza na hiyo, halafu Open PS2 Loader ndiyo inafungua gemu. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani na la polepole, toleo la 1.1, kwa hiyo vile vipande vya sinema katikati ya gemu vitakwamakwama. Jihadhari tu na mashine za mwisho, za namba SCPH-90000. Nyingi huikataa Free McBoot, na pawa saplai yake iko ndani, kwa hiyo namna ya kuunganisha umeme si hii ninayoeleza leo.

Saa 2:30. Kijana ametoa msumeno mdogo. Ameona video za watu wanaopunguza bodi, ile sahani ya saketi ya ndani, ili kasha liwe dogo. Nimeuchukua, nimeuweka kwenye droo. Bodi ile ina njia za umeme tabaka juu ya tabaka, na hizo za katikati huzioni kwa macho. Kazi ya kwanza, bodi ibaki nzima, kasha liwe kubwa. Kasha kubwa linalocheza gemu ni ushindi.

Tukaifungua, tukaondoa vumbi kwa brashi, tukaiwasha kwenye TV kwa adapta yake ya volti 8.5. Imewaka. Tukatoa sehemu ya diski, tukawasha. Tukafungua pedi, tukaichomoa bodi yake ya ndani na kuiunganisha ikiwa uchi, tukawasha. Mara ya saba akashindwa kuvumilia. "Fundi, si tumeshaona inawaka?"

Ningependa kila anayeanza anielewe hapa. Ukibadilisha kitu kimoja mashine ikagoma, kosa unalijua liko wapi. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, utashinda ukitafuta mpaka uichukie kazi. Nimeona mashine nzuri zikiishia kwenye boksi la skrepa kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, kwa sababu waliozitupa walikuwa na mikono mizuri.

Saa 4:00. Chai na chapati mbili. Mama mmoja ameleta TV isiyo na sauti, ilikuwa waya wa spika umechomoka.

Saa 5:00. Kioo. Tumetumia kile cha kamera ya nyuma ya gari, inchi 5, Kariakoo vimejaa. Kimeandikwa volti 12, lakini vingi vya aina hii hupunguza umeme vyenyewe ndani. Chetu tulikijaribu kwa volti 7 kikawaka. Picha inaingia kwa waya wa manjano kama kwenye TV, ila badala ya kuchomeka tunachomelea kwa risasi nyuma ya tundu la AV, lile la kutolea picha na sauti. Tukawasha tena. Picha ilipotokea kwenye kioo kile kidogo, kijana alikaa kimya kabisa, akakifuta kwa shati lake.

Saa 7:30 mchana. Betri, na hapa sina haraka. Tumezitoa kwenye betri ya laptopu iliyokufa, zile za duara za 18650, yaani upana milimita 18, urefu 65. Moja ni volti 3.7, ikijaa 4.2. Mbili zikifuatana zinatoa 7.4, zikijaa 8.4, karibu sawa na adapta. Tukapima kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 nikaitenga, hata kama ingekubali chaji. Zikabaki nne, tukazipanga jozi mbili sambamba. Usichomelee risasi juu ya betri yenyewe, joto linaiharibu. Tafuta zenye vipande vya bati tayari. Weka bodi ya kinga ya betri mbili, na usidhani bodi hiyo ni chaja. Chaja ni kitu kingine, na iwe ya lithiamu inayokomea volti 8.4.

Kabla ya kuunganisha nikamwambia apime kwa mita kati ya chanya na hasi za mashine. Mita ikalia, haikuacha. Shoti, yaani chanya na hasi zimegusana mahali. Alikuwa na hakika kachomelea vizuri, na ukitazama kwa macho ni kweli. Nikampa simu, akawasha kamera na kuvuta picha karibu. Uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye kiungo na kugusa bati la pembeni. Akaukata, akauinua kwa kibano na kuuweka kiganjani. Mita ikanyamaza.

Lithiamu haina kungoja. Bodi ya kinga isingewahi kukata, ingemwaga umeme wake kupitia hapo, waya ungekuwa mwekundu kama koili ya jiko, mezani petu, mkononi mwake. Nilimwacha autazame ule uzi mpaka aliporidhika mwenyewe.

Saa 10:00 jioni. Imewaka kwa betri. Mita inasoma ampea mbili na kidogo pamoja na kioo. Kwa betri hizi zilizotumika nakisia saa moja na nusu ya kucheza. Feni hatuiondoi hata ikipiga kelele. Tumecheza dakika arobaini huku nikigusa bati la kupozea. Lina joto, haliunguzi.

Saa 12:00. Anauliza kasha. Kasha ni la mwisho, na kwanza la boksi la viatu. Akachora vitufe, akakata tundu la kioo, tukaweka uzito wa betri kwa mawe mawili. Baada ya dakika kumi akasema kidole gumba kinauma, akafuta akachora upya, chini kidogo.

Betri nimezifungia kwangu. Yeye ameondoka na boksi, amelishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, vidole gumba vinatembea.