Mavi ya chuma na mfuko wa saruji

Wiki iliyopita binamu yangu, ambaye ni fundi ujenzi hapa Moshi, aliniuliza kama anaweza kusaga masalia yanayotupwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu na kuyachanganya kwenye zege la msingi, kwa kuwa amesikia kwamba Ulaya hutumika badala ya saruji. Nilimwambia asithubutu, ingawa alichosikia ni kweli.

Kiswahili kina jina la zamani la masalia hayo, mavi ya chuma, na katika milima ya Ugweno, ambako wafua chuma waliwatengenezea Wachaga majembe na mikuki, bado yanaonekana. Lakini mavi ya chuma si ya namna moja. Yanayofaa hutoka katika tanuru linaloyeyusha mawe ya chuma pamoja na mawe ya chokaa, ambamo chokaa hushikana na uchafu wa mawe na kuelea juu ya chuma. Yakiachwa yapoe polepole hugeuka jiwe la kufanyia kokoto tu. Yakimwagiwa maji mengi yangali ya moto huwa chembe kama za kioo, na chembe hizo zikisagwa laini huamshwa na chokaa inayotolewa na saruji inapolowa, nazo zikaganda kama saruji. Wajerumani walilitambua jambo hilo mwaka 1862, na leo viwango vya Ulaya vinaruhusu saruji ya aina ya CEM III kuwa na masalia hayo kuanzia asilimia 36 hadi 95.

Masalia ya vyuma chakavu hayana mchanganyiko huo, na mengine hubeba chokaa ambayo haijashikana na kitu, ikaja kulowa na kuvimba baadaye, ukuta ukiwa umeshasimama.

Nilimwonyesha herufi zilizo kwenye mfuko wake wa kilo 50. Baada ya CEM II, alama ya saruji iliyochanganywa na kitu kingine, herufi S ingemaanisha mavi ya chuma. Wake ulikuwa na P, yaani pozolana, udongo wa volkano kama ule unaochimbwa Holili, ambao nao huamshwa na chokaa ileile. Kwa hiyo sehemu ya klinka, yaani vidonge vya chokaa na udongo vinavyochomwa kwa nyuzi joto 1,450 hivi na kusagwa kuwa saruji, ilikwisha kupunguzwa kiwandani kabla yeye hajafikiria kuipunguza tena.

Kasoro ya saruji hizi zote mbili ni kukomaa polepole, hasa kwenye baridi yetu ya Julai. Binamu alicheka, kisha akakiri kwamba alikusudia kuvua mbao za lenta siku ya tatu.