Begi la mtoto, kutoka Hamburg hadi Kigoma

Ukifunga mizigo ya kumpeleka mtoto mchanga Kigoma, anza kupiga hesabu kutokea mwisho wa safari. Wengi wetu huku Ujerumani tunapanga kwa kuangalia ndege kubwa, ile inayopokea masanduku mazito na kigari cha mtoto pia. Lakini kutoka Dar es Salaam unapanda ndege ndogo ya pangaboi, na kama tiketi ya ndani umeikata peke yake, kilo zinahesabiwa upya, mara nyingi 23 kwa mtu. Zikizidi unalipia palepale kaunta, mtoto analia, joto la Dar limewashika nyote wawili. Kabla ya hapo umeshayapokea masanduku jengo la tatu la uwanja wa ndege (Terminal 3) na kuyahamishia la pili, kwenye ndege za ndani. Mkilazimika kulala Dar, nguo na dawa za usiku huo ziwe kwenye begi dogo, ili sanduku kubwa lisifunguliwe hadi Kigoma.

Begi la mkononi ndilo la kulifikiria sana. Pampasi hesabu moja kwa kila saa mbili au tatu, tangu unapofunga mlango wa nyumba, kisha ongeza za akiba maana ndege huchelewa. Weka nguo za kumbadilisha, na blauzi yako pia, kwa sababu mtoto akicheua anakucheulia wewe. Ile sheria ya mililita 100 haiyagusi maziwa ya mtoto ya safarini. Yatoe pembeni uwaonyeshe wakaguzi. Kitanda kidogo cha mtoto, kile kinachofungwa ukutani ndani ya ndege, kiombe mapema unapokata tiketi, uulize na mwisho wa uzito wa mtoto kinaoubeba. Na ndege ikianza kushuka, mwamshe umpe titi au chupa. Kumeza kunamfungua masikio, na wakati wa kushuka ndipo yanapouma zaidi.

Halafu khanga. Nasema kwa moyo wote, doti moja ya khanga inashinda nusu ya vitu vya watoto tunavyouziwa madukani huku. Unajifunika unaponyonyesha, unatandika unapombadilisha, unamkinga na baridi ya ndege, na kwenye foleni ya uhamiaji unambeba mgongoni mikono ikabaki na pasipoti. (Mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe. Ukisafiri naye bila mzazi mwenzio, chukua barua yake ya ridhaa na nakala ya cheti cha kuzaliwa.)

Nguo zilizochafuka usizitilie mfuko wa plastiki wa dukani: Tanzania imeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji unafaa zaidi, tena unafulika.

Kigari nakiacha Hamburg. Kwenye mchanga wa Ujiji na vilima vya Mwanga, hapohapo Kigoma mjini, hakiendi popote, na kwa bibi, mashangazi na mama wadogo mtoto hakanyagi chini. Chakula cha makopo nacho sibebi. Aliyeanza kula atapata ndizi, parachichi, uji, na mgebuka uliochemshwa ukachambuliwa miiba. Anayetumia maziwa ya kopo ndiye wa kubebewa yale aliyoyazoea, ya kumtosha.

Nafasi iliyobaki ni ya chandarua kidogo cha mtoto. Mkoa wetu una malaria nyingi, na mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kinga yoyote mwilini. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Dawa ya kinga hupimwa kwa uzito wa mtoto, na si kila dawa inamfaa mchanga.

Kurudi, sanduku lililokuja na pampasi linajaa dagaa. Hapo msiogope: Umoja wa Ulaya unaruhusu samaki hadi kilo 20 kwa matumizi ya nyumbani, ila nyama na maziwa wanazuia. Mawese yafunge mara mbili na uyaweke mbali na nguo za mtoto, doa lake halitoki.

Na mkisharudi, mtoto akipata homa, iwe wiki ya kwanza au miezi baadaye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe kwamba mmetoka Tanzania, na uombe apimwe malaria. Kwa madaktari wa huku, homa ya mtoto ni mafua kwanza.