Alhamisi ya Iten

Leo ni Alhamisi, na hapa Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, Alhamisi ni fatileki, mbio za kubadilisha kasi na taratibu bila kusimama, kila mtu anajua. Saa tatu asubuhi tulikuwa pale kwa barabara ya vumbi, wa marathoni na vijana wa shule kundi moja.

Programu: dakika 2 kasi, dakika 1 taratibu, mara 20. Saa nzima ya milima, na hapa tuko kama mita 2,400 juu ya bahari, kifua kinawaka.

Ile ya 13 wakaniacha, nikabaki na vumbi tu.

Halafu nikasikia tii tii tii, saa za mkononi zinalia karibu zote pamoja, kundi likapunguza, mimi sikupunguza, nikakaza hadi nikawafikia. Dada mmoja akageuka akasema "kuja, kaa hapa nyuma yangu."

Nimemaliza nikiangalia visigino vyake, vyekundu kwa udongo. Bado naviona.

Mita 400 za uwanjani nazipenda pia, lakini hii ndiyo imenifunza kubadilisha mwendo miguu ikiwa imechoka.

Wakimbiaji wenzangu, nyinyi mnapenda gani, 1-1, 2-1 ama 3-1 (dakika za kasi, halafu za taratibu)? Niambieni hapa chini 🙏