Mafuta Yaliyoganda Ukingoni mwa Sahani

Neno la juma hili: Warumi 14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili neno limetoka jikoni kwangu, hapa Mikindani, na mwenye kosa ni mimi. Nimeomba ruhusa ya binti yangu kabla ya kuliandika, naye akakubali.

Binti yetu mkubwa hali nyama tangu Januari ya mwaka jana. Alianza pamoja nasi katika ile funga ya Danieli ya siku 21, mnaijua, ya mboga, nafaka na maji. Siku ya 22 sisi tulifungua kwa pilau. Yeye akakaanga mchicha wake, akala na wali mweupe, akaniambia, "Mama, mimi naona sirudi. Nimepata utulivu ambao sikuwa nao." Nikadhani ni mambo ya wiki moja.

Baba yao hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Ni mtu wa kazi ya bandarini, kazi ya jasho, na amekulia nyumba ambayo nyama ilikuwa kitu cha kusubiriwa. Kila Jumamosi anapopata mshahara mzuri hupitia buchani Changamwe, arudi na nyama ya mifupa imefungwa kwa gazeti, aiweke mezani kabla hata hajavua viatu. Hajui kusema "nawapenda", na kile kifurushi ndicho kinachomsemea. Sasa mtoto akisema hataki, yeye hasikii kwamba hataki nyama. Anasikia kwamba hatakiwi yeye. Aliwahi kuniambia usiku, "Watu wataona nimeshindwa kulisha nyumba yangu." Nawaomba msilipite upesi neno hilo, maana kelele nyingi za mezani petu zilitoka hapo.

Basi vikaanza vita vya aya. Binti akaleta Mwanzo 1:29, kwamba Mungu aliwapa watu wa kwanza miche itoayo mbegu na miti yenye matunda iwe chakula chao. Baba akajibu kwa Mwanzo 9:3, kwamba baada ya gharika Nuhu aliruhusiwa kila kiendacho kilicho hai. Binti akaleta Danieli sura ya kwanza na zile siku kumi za mtama na maji. Baba akaenda sura ya kumi, kwamba Danieli aliacha nyama na divai kwa majuma matatu tu alipokuwa akiomboleza, maana yake siku nyingine alikula. Kila mmoja alikuwa na Biblia yake mkononi na kila mmoja alisoma sawasawa. Wali ulikuwa ukipoa.

Jumapili moja, mbele ya wadogo zake, baba akafungua Warumi 14:2 akaisoma kwa sauti: "Mtu mmoja anayo imani, anakula vyote, lakini yeye aliye dhaifu hula mboga." Akafunga kitabu. "Dhaifu," akarudia. Yule mdogo wa kiume akacheka. Binti yangu akainuka na sahani yake, na mlangoni akageuka akasema, "Endeleeni na mizoga yenu." Tangu siku hiyo akawa anakula chumbani.

Wapendwa, baba aliishia aya ya pili. Aya ya tatu iko mstari unaofuata, haihitaji hata kufunua ukurasa: "Yeye alaye asimdharau yeye asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu yeye alaye, kwa maana Mungu amemkubali." Nimeisoma aya hii mara nyingi maishani na sikuwahi kuona kwamba Paulo ametumia maneno mawili tofauti. Anayekula amekatazwa kudharau, na asiyekula amekatazwa kuhukumu. Kila upande umeguswa pale penye ugonjwa wake. Mwenye nyama sahanini hujiona mkubwa, ana uhuru, ana nguvu, na yule mwingine ni wa kuchekwa. Asiyekula hujiona safi, na wale wengine wana damu mikononi. Nyumbani kwetu kicheko cha mezani kilikuwa dharau, na "mizoga" ilikuwa hukumu. Vyote viwili viliingia siku moja, dakika moja.

Lakini la kwangu ndilo baya zaidi.

Jumanne iliyofuata nilipika maharagwe ya nazi. Nilikuwa na hofu, maana binti alikuwa amelalamika kizunguzungu, na mimi mama nikaona damu imepungua. Kwenye jiko la pili palikuwa na supu ya mifupa ya Jumamosi. Nikachukua upawa, nikateka mara mbili, nikamimina ndani ya maharagwe, nikakoroga, kisha nikatia tui la kasimile juu lifunike. Nikajiambia ni dawa. Nikajiambia hatajua.

Akaja, akapakua, na siku hiyo akaketi nami jikoni. Akaonja akasema, "Mama, leo maharagwe yamekolea." Nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo ninalolitubu zaidi kuliko supu yenyewe.

Simu yake ikalia akatoka nje. Aliporudi sahani ilikuwa imepoa, na ukingoni pameshika utando mweupe. Ninyi mnaoishi huku Mombasa mnajua, kwa joto letu mafuta ya nazi hukaa maji karibu mwaka mzima, hayagandi mpaka uyatie kwenye friji. Mafuta ya ng'ombe huganda yakipoa kidogo tu. Akayakwangua kwa ukucha, akayanusa. Hakupiga kelele. Akasema, "Mama, hii si nazi," akaenda akaosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini. Kwa siku tisa alijipikia kwa kisufuria chake mwenyewe na hakuniomba hata chumvi.

Hofu yangu haikuwa ya bure, nataka kina mama wenzangu wanielewe. Vitamini B12 haimo katika mboga wala nafaka. Mtu asipokula nyama wala samaki inabidi aipate kwa mayai na maziwa, au kwa vidonge. Na madini ya chuma ya mboga mwili huyapokea vizuri zaidi mtu akikamulia ndimu. Lakini binti yangu mayai anakula na maziwa anakunywa, na ndimu ilikuwa kwenye sahani yake kila siku. Ningeuliza ningejibiwa. Sikuuliza kwa sababu nilikwisha amua kwamba yeye ni mtoto na imani yake ni ya kitoto.

Katika zile siku tisa ndipo nilipoisoma sura yote ya 14 mpaka mwisho, taratibu, kama barua. Nayo ni barua kweli, ya Paulo kwa kanisa la Rumi. Matendo 18:2 yatuambia kwamba Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote watoke Rumi, na Akila na Prisila mkewe walikuwa miongoni mwao. Wanahistoria wengi huliweka jambo hilo kama mwaka 49. Klaudio akafa mwaka 54, watu wakaanza kurudi, na Paulo anaandika miaka michache baadaye. Hebu fikirini hao waliorudi. Wanalikuta kanisa limejaa ndugu wa mataifa wanaonunua nyama yoyote ya sokoni na kuila. Myahudi mcha Mungu hajui mnyama huyo alichinjwaje, wala kama kipande hakikutoka mbele ya sanamu. Huenda wengine waliona salama ni kula mboga tu, kama Danieli Babeli. Na kanisa lenyewe halikuwa na jengo. Sura ya 16 inataja kanisa lililokuwa nyumbani mwa hao hao Prisila na Akila. Ibada yao ilikuwa sebuleni na mkate waliumega mezani. Kwa hiyo Paulo hakuwa akijibu swali la wanachuo. Alikuwa akiandikia nyumba ambamo sufuria mbili ziko jikoni na watu hawatazamani.

Na yeye mwenyewe alikuwa na msimamo. Asema wazi katika aya ya 14 kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Upande wa baba, kama mnavyoona. Hata hivyo hakumpa mwenye uhuru ushindi. Alimpa mzigo: "Na ndugu yako akiingia huzuni kwa sababu ya chakula, umeacha kwenda katika upendo." Tena akafika aya ya mwisho, ile iliyonitoa machozi, kwamba mwenye shaka akila ana hatia kwa sababu hakula kwa imani. Hapo nikaelewa nilichofanya na ule upawa. Binti alikuwa amemtolea Mungu kitu kidogo, kwa hiari yake, nami nikamwingizia mlangoni pa nyuma kile alichokuwa amekitoa. Nilimlisha kinyume cha imani yake huku nikimtazama usoni.

Nilikwenda chumbani kwake siku ya kumi. Sitaandika yote. Nilipiga magoti kwa sababu maneno hayakuja nikiwa nimesimama.

Wiki iliyofuata mavyaa wangu akaja kutoka Kaloleni. Alikuwa amesikia mjukuu wake amekonda, akashuka kwenye matatu na jogoo miguu imefungwa kamba. Moyo wangu ukaruka. Kwetu kumchinjia mtu kuku ni kumwambia una thamani, na kumkataa kuku wa nyanya ni jambo la kuzungumzwa mpaka matangani. Baba watoto akanitazama kama asemaye, sasa tuone.

Binti akampokea nyanya yake jogoo kwa mikono miwili. Akamshukuru. Akachemsha maji, na kuku alipochinjwa wakaketi pamoja uani wakimnyonyoa, mmoja upande huu mwingine upande ule, manyoya yakiwarukia magotini. Kisha akasema kwa adabu, "Nyanya, huyu watakula Baba na wadogo zangu kwa niaba yangu. Mimi nimeweka nadhiri. Lakini nakuomba unipikie mchunga, nasikia hakuna anayeupika kama wewe."

Bibi kizee akacheka mpaka akafuta macho. Akamwita mwanawe aje uani. "Mwanangu, nyumba yangu nyama ililiwa siku ya harusi na siku ya matanga. Siku nyingine zote ulikula sima na mchunga, na kunde, na matapa ya nazi. Ukakua ukawa mwanamume unayebeba mizigo bandarini. Kuna siku nilikuita dhaifu?"

Baba watoto hakujibu. Akachukua beseni la manyoya akaenda kulimwaga.

Namheshimu sana mama yule. Sisi wa mjini tumesahau upesi. Tunaona chakula kisicho na nyama ni cha maskini au cha mgonjwa, nasi tuko pwani, ambako mtu akikupa mbaazi za nazi na mahamri asubuhi hukumbuki kuuliza nyama iko wapi. Pojo, maharagwe, kunde, muhogo wa nazi, mabenda, bilingani, haya yote yako Kongowea yamerundikwa chini. Na majirani zetu wa Kihindi wengi wamelea watoto na wajukuu hapa hapa Mombasa bila nyama kuingia nyumbani, kwa imani yao. Wakatoliki huacha nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Ndugu zetu Wasabato hawagusi papa wala pweza kwa sababu ya Walawi 11, na baadhi yao hawali nyama kabisa. Jirani yetu Mwislamu hutuletea sahani ya biriani kila Idi, na binti huipokea yeye mwenyewe mlangoni, humwombea jirani baraka, kisha huwapa wadogo zake. Hilo nalo ameanza baada ya mambo haya. Zamani angesema la mizoga.

Maana naye ameomba msamaha, nisiwafiche. Alimwambia baba yake, "Niliita mzoga kitu ulichokitolea jasho." Baba akasema, "Yamekwisha," akageuza mazungumzo, kama wanaume wafanyavyo.

Kuna familia kati yenu nazijua ziko katikati ya jambo hili, mke na mume, wifi na wifi, mama mkwe na mkaza mwana. Mithali 15:17 husomwa sana harusini: "Chakula cha mboga penye mapendano, ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana." Nawaomba juma hili msiisome kama silaha ya wala mboga. Maharagwe yangu ya Jumanne yalikuwa mboga, na upendo niliuchafua mimi. Kama mwenzako hali kitu, usimtilie. Ukiwa na hofu na afya yake, mwulize, akujibu. Na wewe usiyekula, rudi mezani na sahani yako.

Jumapili iliyopita tulipika sufuria mbili, mchuzi wa nyama na kunde za nazi. Wageni walikuwa wengi na mimi nilikuwa nje nikitandika mkeka. Nikasikia sauti ya baba watoto jikoni, anapekua makabati, vyombo vinagongana. Nikaingia nimsaidie. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya kunde, upawa wa mchuzi wa nyama ameushika mkono wa kushoto, mbali na sufuria, asije akadondosha tone.

"Mama watoto," akaniambia, "upawa wa mtoto uko wapi?"