Upande wa Ndani wa Sweta

Maneno aliyoniambia Mama, mama mkwe wangu, Jumapili bado hayajanitoka. Nimelala nayo na kuamka nayo juma zima, juma ambalo mume wangu amepokea barua ya uhamisho wa kwenda Makambako, upepo umeezua bati za stoo, na kijana wetu wa mwisho amerudi likizo na matokeo ambayo wakati mwingine ningeyasimulia kwa kurasa mbili. Yote hayo yamepita mbele yangu nami nimekuwa nikisikia sentensi moja tu.

Yalihusu sweta la rangi ya ugoro nililomfumia, ambalo nimelitaja hapa mara nyingi tangu Pasaka. Mwili nilifuma kwa sindano namba 8, na pindo la chini na la mikononi kwa namba 10 ambayo ni nyembamba zaidi, kwani katika vipimo hivi vya zamani vya Waingereza namba ikipanda unene hupungua, na pindo likifumwa kwa sindano nyembamba hubana vizuri na kuzuia upepo usipenye. Nililifanya la kufunguka mbele kwa sababu Mama hawezi tena kuinua mikono juu ya kichwa bila maumivu, nikatafuta vifungo vikubwa ambavyo vidole vyake vitavimudu, na mabega nikayaunganisha kitanzi kwa kitanzi kwa sindano butu, taratibu, ili pasibaki tuta la kumkereketa anapojitwisha mzigo au anapojifunga kitenge. Ile kazi ya mabega peke yake ilinichukua jioni nzima chini ya taa, na niliifurahia kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tulifika kwake Uwemba, Njombe, asubuhi, nyasi za pembeni mwa njia zikiwa bado nyeupe kwa sakitu. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni baridi haina msamaha kwa mzee anayekaa nyumba yenye sakafu ya udongo. Baada ya shikamoo na habari za mifugo nilimkabidhi mfuko. Alilitoa sweta, akalikagua, akalivaa, kisha akaniangalia.

"Asante sana, mwanangu. Lakini ungeninunulia tu la mtumba, usingejitesa hivi."

"Sikujitesa, mama."

"Umejitesa. Hata macho yako yanaonyesha."

Basi. Wifi akaingia na sinia la viazi, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea, nami nikabaki nikimenya kiazi ambacho sikuwa na hamu nacho.

Siku tatu za mwanzo niliyageuza maneno yale kila upande, na kila upande ulinichoma. Nikiwa sokoni Jumatatu nilisimama makusudi mbele ya meza za mitumba, nikashika masweta mazito, mengine ya sufu halisi ya kondoo, yaliyoshonwa kwa mashine bila dosari, na nikaona wazi kwamba bei ya moja haifikii bei ya madonge ya uzi niliyotumia, uzi ambao wenyewe ni wa akriliki na hauwezi kushindana na sufu kwa joto. Kwa hesabu ya fedha Mama alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nisingeweza kumjibu kwa hesabu, na sikuwa na jibu jingine ambalo mkwe anaweza kumpa mama wa mumewe akabaki na heshima yake. Nilijiuliza kama aliona aibu kuvaa kitu cha kufuma wakati wenzake kanisani wanavaa vya dukani, nikajiuliza kama alikuwa akimsema mwanawe kupitia kwangu, kwamba anashindwa hata kumnunulia mama yake nguo ya baridi.

Jioni nilikimbilia kitabu. Nimekuwa nikisoma tena wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ulioandikwa na Shaaban Robert na kutoka mwaka 1958, kitabu chembamba ambacho hukaa wazi vizuri mezani kikibanwa kwa vibanio vya nguo, nami nikifuma safu za kawaida ambazo hazidai macho. Safu zenye urembo siwezi kusomea. Hapo hufunga kitabu. Nimempenda Siti tangu niliposoma mara ya kwanza kwamba alitoka Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi, na kwamba aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Kutoka kwenye udongo ule alifika mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akiimba kwa Kiswahili, na watu wa pwani yote wakakaa kumsikiliza.

Usiku wa Jumanne nilifika kwenye habari za waliomtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba ametoka shamba na kaniki zake, na kama si sauti asingekuwa na cha kula. Siti aliwajibu kwa wimbo wake, akasema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Nilisoma mahali pale nikiwa na ghadhabu tamu, kana kwamba Siti ananisemea mimi. Kisha nikaona aibu, kwa maana Mama si mshindani wangu na hajapata hata siku moja kunitungia neno la kunidhalilisha, tangu aliponipokea nikiwa msichana nisiyejua kuwasha moto wa kuni mbichi.

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka, ingawa sikutambua mpaka Alhamisi. Nilikuwa nikiunganisha kofia ya mtoto wa jirani, nimeigeuza nje ndani ili nifiche ncha za uzi, na mikono yangu ilipokuwa katika kazi hiyo nikaiona mikono ya Mama. Jumapili, kabla hajalivaa sweta, kabla hajasema lolote, aliligeuza. Alitazama upande wa ndani kwanza. Alipitisha kidole gumba juu ya bega la kushoto, polepole, akalivuta kidogo huku na huku kuona kama litaachia, akahamia la kulia akafanya vivyo hivyo, kisha akatafuta mahali nilipofichia ncha za uzi chini ya kwapa. Yote haya niliyaona kwa macho yangu na sikuyatia maanani, kwa sababu nilikuwa nikingojea maneno.

Mtu anayepewa nguo huitazama kwa nje. Anayegeuza ndani ni fundi.

Mama alisuka vikapu vya milulu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Mume wangu na wifi zangu walisomeshwa kwa vikapu, daftari na kalamu zilitoka humo. Alikuwa akikata milulu bondeni, akiianika, akiisuka usiku, na alfajiri akienda navyo mnadani kwa miguu. Mifuko ya plastiki ilipoenea watu waliacha kununua, bei ikashuka mpaka haikulipa hata jasho la kukata, naye akaacha. Ilipofika tarehe 1 Juni 2019 na mifuko ile ikapigwa marufuku nchini, vikapu vikatafutwa tena, na wifi alimletea milulu iliyokaushwa tayari, akamwomba asuke japo viwili. Alianza kitako cha kimoja. Vidole vilikuwa vimekwisha kukakamaa. Kitako kile kiko hadi leo juu ya kabati, nimekiona mara nyingi nikafikiri ni cha kuwekea vitu.

Sasa nikiyarudia maneno yake, na bado nayarudia, nayasikia yakitoka katika vidole vile. Anajua usiku mmoja wa kazi una uzito gani mgongoni, anajua pia jinsi soko linavyoweza kuamka siku moja na kusema usiku huo hauna bei. Hakuniambia kwamba sweta ni baya. Alilikagua kama anayejua, hakukuta pa kulaumu, na baada ya hapo akanihurumia. Furaha niliyoipata Alhamisi sikuipata hata nilipofunga kitanzi cha mwisho. Ningependa kumwuliza siku moja kama bega la kulia aliliona liko sawa na la kushoto, maana mimi mwenyewe nina shaka kidogo na lile la kulia.

Jana nimeanza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, na nimefika pale Yusuf anapoondoka kwao kwa treni akiongozana na tajiri anayemdhani ni jamaa, asijue kwamba baba yake amemtoa kwa ajili ya deni. Nasoma polepole sana. Kuna sentensi za pwani humo ambazo nazisoma kwa sauti, peke yangu, kwa utamu wa kuzisikia tu, na kofia ya mtoto wa jirani imesimama kwa sababu hiyo.

Ila usiku sisomi kwa utulivu. Mume wangu anakohoa tangu baridi ilipozidi, kikohozi kikavu kinachoanza saa nane na kuendelea mpaka kuku wawike, naye anasema ni vumbi la kupukuchua mahindi. Mahindi tulimaliza kupukuchua kabla ya likizo kuanza. Jumatatu nitamwomba twende hospitali kabla hajaenda kuripoti Makambako, na kama atakataa itabidi nimpigie simu Mama, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee ambaye hambishii.