Fogi za LED kwenye Golf 6: mafundi umeme walishindwa, fundi redio akaweza

Ukitaka kumjua mtu ambaye hajawahi kufunga LED kwenye gari la Kijerumani, mwambie taa zako zinachezacheza. Hatakusubiri umalize: "Funga resista," yaani kile kipande cha kuongeza mzigo wa umeme. Nimeambiwa hivyo na fundi umeme wa Mwanjelwa, na muuzaji wa globu aliyekuwa Kariakoo kwenye simu, na shemeji yangu ambaye anaendesha Noah na hajagusa Volkswagen tangu azaliwe. Hata leo nikimwonesha mtu fogi zangu zilivyotulia, swali la kwanza ni resista za omu ngapi. Hamna resista humo. Ziliwahi kuwamo, nikazing'oa.

Gari ni Golf 6, injini 1.4 TSI, ilitokea Japani kama wenzake wengi hapa Mbeya. Fogi zake mbili za kwenye bampa zina kazi mbili. Kuna ile ya kuziwasha kwa swichi wakati wa ukungu, hiyo kila mtu anaijua. Halafu kuna kazi ya kona: usiku taa za mbele zikiwa zinawaka, mwendo uko chini ya kilomita 40 kwa saa, ukikata usukani au ukiwasha indiketa, fogi ya upande unaoelekea inawaka yenyewe polepole, na ukishanyoosha inafifia. Nimekutana na watu wanaomiliki hizi gari na hawajui kitu hicho kipo. Wakiona fogi moja inawaka wanadhani ya pili imeungua!

Mimi naijua kwa sababu naihitaji. Kichochoro cha kuingilia kwangu kina mtaro mkubwa kushoto na migomba kulia, na unapokata kona, taa za mbele zinamulika migomba ya jirani huku tairi likielekea mtaroni. Fogi ya kona inamulika mtaro. Na mara kwa mara naenda Tukuyu. Aliyepita barabara ile Juni au Julai alfajiri anajua: unatoka Uyole anga safi, unapandisha, ukifika Isongole huoni boneti yako vizuri, na mbele yako kuna lori la kwenda Kasumulu lenye taa moja ya nyuma, tena imepakwa tope.

Globu zilizokuwamo ni halojeni, zile za waya unaopata moto, za soketi ya HB4, wati 51. Zilishachoka. Ningeweza kununua halojeni mpya kwa bei ya kuku na mambo yakaisha, nakubali, lakini nilishaamua nataka LED.

Nikaagiza Kariakoo, zikaja na basi. Boksi limeandikwa wati 120, lumeni 20,000. Nilipozipima kwa mita zilikula ampea moja na nusu hivi, gari likiwa linanguruma na chaji iko volti 13 na nusu. Piga hesabu mwenyewe: wati 20. Halojeni ya HB4 yenyewe hutoa lumeni kama elfu moja tu, na watu wamevuka nazo milima, kwa hiyo mtu akikuambia globu ndogo kiasi kile inatoa elfu ishirini, cheka naye tu, usimlipe kwa sababu ya hiyo namba. Angalia vitu viwili: kile kiwasho, yaani vidoto vya LED, kiwe chembamba na kikae palepale ulipokuwa waya wa halojeni, na nyuma pasiwe parefu mpaka pakagonga ndani ya bampa.

Kufunga si kazi. Unang'oa grili ya pembeni, skrubu za nyota T25, fogi inatoka, unazungusha globu, basi. Upande mmoja ukigoma kuwaka geuza plagi, LED ina chanya na hasi.

Shida ilianza nilipofungua swichi ya gari asubuhi. Fogi nimezizima, lakini zinametameta, zote mbili, kwa sekunde kadhaa. Kwenye dashibodi taa ya njano ya kuonya globu imeungua ikaja. Na usiku, kona ya kwangu, fogi badala ya kuwaka polepole ikawa inapepesa hadi jirani akatoka kuuliza kama kuna trafiki.

Sababu yake naielewa sasa, na ingenisaidia kama mmoja wa hao washauri angeielewa kabla yangu. Kompyuta ya gari hili inapima globu zake. Taa ikiwa imezimwa, inatuma umeme wa mpigo mfupi sana kuona kama waya wa globu umekatika. Waya wa halojeni hauwahi hata kupata moto kwa mpigo ule, kwa hiyo huoni kitu. LED haihitaji kupata moto. Ikionja umeme kidogo inawaka. Taa ikiwa imewashwa, kompyuta inapima inakula kiasi gani. Ikikuta wati 20 mahali ilipozoea 51, inasema globu imekufa. Hayo ni matatizo mawili tofauti. La tatu ni lile la kona, nitalifikia.

Fundi wa Mwanjelwa hakutaka maelezo yangu. "Bosi, hii naijua, ni resista tu." Akachukua mbili za omu sita, zile zenye ganda la dhahabu, zimeandikwa wati 50, akaziunga sambamba na globu. Nikamuuliza zitakaa wapi, maana nimesoma zinapata moto. Akasema hapa hapa, akazifunga kwa kebo tai kwenye plastiki ya ndani ya bampa. Nikamwambia plastiki hiyo. Akaniangalia jinsi fundi anavyomwangalia mtu mwenye simu janja. Na kweli, taa ya onyo ikazimika, kumeta kukapungua. Nikalipa.

Hebu tazama alichokuwa amefanya. Resista ya omu sita kwenye volti 13 na nusu inakula wati 30. LED inakula 20. Jumla, hamsini! Yaani nimenunua globu ya kuokoa umeme, halafu nikanunua kifaa cha kuumwaga umeme uliookolewa, kisicho na mwanga hata wa kuonea kidole. Na wati 30 zile zote ni joto, kwenye kipande kidogo kuliko kidole gumba, kimefungwa kwa plastiki juu ya plastiki.

Safari ya Tukuyu ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo fogi ziliwaka mfululizo. Tulipokaribia Kiwira nikasikia harufu. Nikadhani ni breki za lori la mbele, nikalipita. Harufu ikaja nasi. Abiria wangu, mama mmoja wa makamo niliyempa lifti, akasema kwa upole, "Mwanangu, gari lako linaiva." Nikasimama, nikachungulia chini: kebo tai imeyeyuka, resista ya kushoto imejilaza juu ya plastiki na imeanza kujichimbia shimo lake, pembeni ya bampa rangi imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nilikata waya kwa meno, na yule mama akanimulikia kwa simu yake huku akinipa pole na kunicheka kwa wakati mmoja. Lile vimbe kwenye bampa lipo hadi leo. Siliondoi, ni ushahidi wangu. Kama ni lazima ufunge resista, ifunge kwenye chuma, ishike vizuri kwa skrubu, mbali na waya wowote.

Dawa ya matatizo mawili ya kwanza iko kwenye kompyuta yenyewe. Kijana mmoja mwenye OBDeleven, kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari kwa simu, aliingia kituo namba 09, kile cha umeme wa gari, akazima upimaji wa globu za fogi na za kona, ule wa taa ikiwa imezimwa na ule wa taa ikiwa imewaka. Hakushika hata spana. Kabla hajabadilisha kitu nilimwambia apige picha namba zote za zamani, na wewe fanya hivyo, usiwe na haya, kuna vijana wanabofya kwanza halafu wanauliza. Kumeta kwa asubuhi kukaisha palepale, taa ya onyo haikurudi, na fogi nikiziwasha kwa swichi zinatulia.

Kona ikagoma. Bado inapepesa. Nikawarudia mafundi umeme, na unajua walichosema. Mmoja alipendekeza resista mbili kila upande.

Nilikokwenda kupeleka sabufa ya nyumbani ndiko nilikopata msaada. Fundi redio, mzee wa kimya, meza yake imejaa matumbo ya ampulifaya. Nikamsimulia tu kupoteza muda. Akaniuliza swali moja ambalo hakuna fundi wa magari aliyeniuliza: taa inawaka polepole au kwa mara moja? Polepole, nikasema. Akatikisa kichwa. "Basi umeme huo una mapengo. Gari halipunguzi nguvu, linakata na kurudisha haraka haraka, linaanza na vipande vifupi linaongeza. Waya wa moto hauoni mapengo. Hiyo LED yako inayaona. Resista inaongeza mzigo, haizibi pengo. Wewe unataka tangi."

Tangi ni kapasita, kikopo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Alikuwa nazo kopo zima, zimetoka kwenye ampulifaya zilizokufa. Tukajaribu kwanza kubwa, ya maikrofaradi 10,000, kwa sababu mimi nilishikilia kwamba kubwa ndiyo nzuri. Fogi haikuwaka kabisa! Mzee akacheka, mara ya kwanza namwona. Kapasita tupu kubwa kiasi kile inafyonza umeme kwa pupa mwanzoni hadi kompyuta inadhani waya zimegusana, inafunga njia kujilinda. Tukashuka. Ya 2,200 ikapita. Alikataa ya volti 16 ingawa nilimwambia gari ni volti 12. Chaji inafika 14 na zaidi, akasema, weka ya 25 ulale. Na iwe ile iliyoandikwa digrii 105, si 85, maana inakaa karibu na joto. Mbele ya kapasita akaweka dayodi ili umeme wa tangini usirudi kwenye kompyuta. Kila upande na seti yake, vyote ndani ya mpira wa joto na silikoni, nikavifunga kwenye chuma nyuma ya bampa. Nimejifunza.

Ile kona! Fogi inapanda laini, haitetemeki, na nikinyoosha usukani inafifia taratibu, kwa sababu tangi linaziba mapengo. Nilikuwa nazunguka pale kwangu kulia kushoto mpaka mke wangu akauliza kama nimepoteza geti.

Nilibadilisha pia rangi. Zile za kwanza zilikuwa nyeupe, 6000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kila muuzaji atakuambia nyeupe ndiyo mwanga. Usiku mkavu ni nzuri kweli. Kwenye ukungu wa Isongole ni ukuta mweupe mbele ya macho. Nikatafuta za njano, 3000K, ambazo ni karibu na rangi ya halojeni yenyewe. Wengine watakuambia njano "inakata" ukungu. Haikati, matone ya ukungu yanatawanya rangi zote karibu sawasawa. Ila jicho halichoki upesi na mng'ao unaorudi hauumizi. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za njano kuanzia mwaka 1936 hadi 1993, kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu.

Kitu kimoja wengi wanakiruka: ukutani. Kabla hujatoa halojeni, simamisha gari mbele ya ukuta usiku, chora kwa chaki mstari wa juu ambapo mwanga unakatika. Funga LED, rudi palepale. Zangu za kwanza zilikuwa zinamwaga mwanga juu ya mstari na kuacha shimo jeusi katikati, kumbe kiwasho kilikuwa kinatazama juu na chini badala ya kulia na kushoto. Globu hizi zina kola yenye kiskrubu cha ufunguo wa pembe sita. Unalegeza, unazungusha, unakaza. Ukishindwa kuushusha mwanga chini ya mstari, rudisha halojeni. Anayekuja mbele yako naye anaona, na usiku mkavu fogi za swichi zizime.

Kioo cha fogi ya kushoto hushika unyevu ndani siku hizi, jambo ambalo halikuwepo zamani, kwa sababu joto la halojeni lilikuwa linakikausha. Nilisafisha kitundu cha kupumulia, umepungua, haujaisha.

Gharama? Globu za kwanza elfu sabini na kitu, za njano pungufu kidogo, kijana wa simu elfu thelathini, fundi redio alitaka soda na nikamlazimisha achukue elfu kumi. Fundi wa resista sitaji, inaniuma. Mwenye Golf 7 asiagize HB4 kwa kunisoma mimi, fogi zake soketi yake nyingine. Chomoa globu yako usome kitakoni kwanza.